Maamuzi ya Muaz wa Mapazia

Jumatatu, 13 Aprili

Leo nimezaliwa upya. Mahali: ukumbi mmoja pale Mnazi Mmoja, kiti cha plastiki, safu ya pili. Jumuiya yetu ya wafanyabiashara ilimleta Daktari Severa, mtaalamu wa saikolojia, atufundishe namna ya kuamua mambo ya kila siku. Nilienda kwa sababu ya soda. Nimerudi na elimu.

Anasema mtu hakosei kwa kuwa ni mjinga. Anakosea kwa kuwa ameamua akiwa na njaa, au amechoka, au ana hasira, au ana haraka. Nikakaa wima. Nikayakumbuka mapazia ya twiga. Robota zima la mapazia ya kijani kibichi, twiga juu mpaka chini, niliyanunua mwaka juzi na hayajawahi kumpata mnunuzi. Kumbe sikuwa mimi. Ilikuwa njaa.

Nimemweleza mke wangu, Saadiya. Akasema siku ile nilikuwa nimekula, yeye mwenyewe ndiye aliyenipakulia, wali na samaki, na nikaongeza. Sikubishana. Daktari anasema akili inachoka kama mguu: ukiitumia asubuhi kwa vitu vidogo, jioni haina nguvu ya kuamua kikubwa. Kubishana na mke ni kitu kidogo. Naweka akiba.

Kwa hiyo kuanzia kesho shati ni moja, la bluu. Chakula ni kimoja, chapati na maharage. Saadiya akauliza mpaka lini. Nikasema mpaka nishinde. Akasema vizuri, Baba Rahaf, basi na mimi akili yangu itapumzika kuwaza mboga. Mke anayeunga mkono ni neema.

Na cha kushinda kipo. Jengo letu hapa Kariakoo ni la Bi Huda, mama wa makamo ya juu anayeishi ghorofani. Chini ni fremu za maduka. Allen wa masufuria, mwenye fremu ya kona, anahamia Buguruni mwisho wa mwezi. Kona ile anayetoka sokoni anaiona, anayetoka Msimbazi anaiona. Bi Huda amesema wiki hii ataamua ampe nani: mimi, au Vitalis.

Vitalis naye anauza mapazia. Yuko fremu ya mwisho, upande wa mtaro. Mtu wa Songea, mpole, anatoa maneno kama anayapima kwa futi kamba kabla ya kuyakata. Wateja wanampenda. Sielewi kwa nini. Mimi naongea zaidi.

Jumanne, 14 Aprili

Ushindi wa kwanza.

Daktari alisema mteja akiwekewa vitu vingi mno hachagui, anaganda. Nikaliangalia duka langu. Rangi zote za Mungu, na nyingine ambazo sidhani kama alizituma Yeye. Nikashusha karibu kila kitu, nikatia kwenye magunia nyuma. Nikabakiza aina tatu tu ukutani: kahawia, zambarau, na twiga.

Agnesi, fundi wangu wa cherehani, aliuliza kama tunafunga duka. Nikamweleza saikolojia kwa kirefu. Akasema sawa bosi, akaendelea na pindo lake.

Asubuhi haikuwa nzuri. Mama mmoja alitaka meupe. Nikamwambia meupe yapo, tena mazuri, ila nimeyaficha kwa faida ya akili yake. Akaniuliza kama nimeshakunywa dawa. Akaenda kwa Vitalis. Wa pili akaenda kwa Vitalis. Wa tatu hakuingia kabisa, alichungulia tu akasema pole. Vitalis aliishiwa nafasi ya kuweka wateja, akamleta mmoja akae kwenye benchi langu asubiri zamu.

Sikutetereka.

Baada ya adhuhuri akaingia bwana mmoja amechoka, mwenye shule ya chekechea huko Mbagala. Amezunguka Kariakoo nzima anatafuta mapazia ya wanyama. Mlango wangu amepita mara nyingi mwaka huu, hajawahi kuwaona twiga, maana walikuwa wamezibwa na mapazia mengine. Leo kawaona tokea upande wa pili wa mtaa. Kachukua robota zima. Kaniuliza kama nina tembo.

Nimempigia Saadiya nikamwambia saikolojia imeuza twiga. Akasema Alhamdulillahi, sasa yarudishe yale meupe ukutani. Nikamwambia mtu hang'oi mti unaozaa. Niliporudi kutoka msikitini alasiri nikakuta Agnesi ameshayarudisha yote. Nimeacha lipite. Kitu kidogo.

Jumatano, 15 Aprili

Nimeshambulia.

Fikra ilinijia wakati wa chapati na maharage. Kama akili inachoka kwa maamuzi madogo, basi ya Vitalis nayo inaweza kuchoshwa. Bi Huda akishuka kesho kuzungumza naye, amkute ameshakwisha, hajui hata jina la mtaa. Mimi niwe bado mbichi.

Nikamtuma Samir, mtoto wa ami yangu, aliyekuwa hana kazi leo. Maagizo: aingie kwa Vitalis kama mteja, amuulize maswali mpaka kichwa kipate moto. Hili au lile? Marinda mawili au matatu? Pazia liguse sakafu au liishie juu kidogo? Asinunue kitu. Hilo nilirudia.

Nilikaa mlangoni nikitazama. Samir kaingia asubuhi. Saa zikaenda. Nilisikia kicheko mara moja, nikadhani ndiyo dalili za kuchanganyikiwa. Nikasikia cha pili. Vitalis akaagiza kahawa, vikombe viwili.

Samir ametoka mchana amebeba mfuko mkubwa. Mapazia ya sebuleni, ya chumbani, na kitu kinaitwa pelmeti, kile kibao cha kuficha fimbo ya pazia, ambacho hata mimi sikuwa nacho dukani. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema kwa kweli hajawahi kukutana na mtu anayesikiliza vile. Vitalis alimuuliza dirisha lake linaelekea jua la asubuhi au la jioni. Samir ana miaka mitano kwenye nyumba ile, na ndiyo kwanza amegundua kuwa jua la jioni linamwumiza macho.

Nikamkumbusha kuwa yeye alikuwa mpelelezi. Akasema anajua, ila pelmeti ni nzuri.

Hata hivyo nahesabu ni ushindi. Vitalis lazima amechoka. Mtu hawezi kusikiliza hivyo asubuhi nzima asidhoofike. Nimemwona akifunga duka anapiga mluzi. Ni dalili.

Alhamisi, 16 Aprili

Siku ya Bi Huda. Nilijiandaa kisayansi.

Daktari alisema mtu mwenye njaa anaamua kwa ukali na hukataa kila kitu. Mantiki ni rahisi: mshibishe mwamuzi. Nikaagiza biriani la mbuzi, sinia kamili, na kachumbari, na pilipili ya ndimu. Nikapanda nalo ngazi mwenyewe, shati la bluu limenishika mgongoni, harufu inanitangulia kila ghorofa.

Nikapiga hodi. Shikamoo Bi Huda. Marahaba mwanangu, karibu. Nikaweka sinia mbele yake, nikafunua.

Bi Huda akalitazama lile biriani kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Muaz, mwanangu. Mimi nimefunga sita."

Saumu sita za Shawwal, zile za baada ya Ramadhani. Mwezi unaishia, wazee wote wa mtaa huu wanakimbizana kuzimaliza, mama yangu mzazi amefunga, nyumba yangu mwenyewe Saadiya amefunga tangu juzi. Na mimi nimepanda ghorofa tatu kumpulizia mtu aliyefunga mvuke wa mbuzi usoni.

Nikaanza kufunika. Akasema chakula hakirudishwi, ni riziki ya mtu. Akaita kuelekea jikoni. Akatoka Vitalis, mikono ina sabuni. Alikuwa anamtengenezea Bi Huda bomba la sinki. Tangu asubuhi, bila kuombwa. Aliliona tu linavuja alipokuja kumsalimia.

Akaambiwa akae ale. Vitalis alinawa, akakaa, akala biriani langu lote la mbuzi kwenye kibaraza cha nyuma, kwa heshima, huku mimi na Bi Huda tunasikia mifupa. Alipomaliza alikuja kunishukuru. Akasema hajala biriani kama lile tangu Krismasi.

Bi Huda akasema suala la fremu ataliamua Jumamosi.

Nimejitafakari. Kosa halikuwa kwenye nadharia. Nadharia imethibitishwa: Vitalis alishiba, akawa mwema sana. Kosa lilikuwa kwenye mlengwa.

Nimerudi nyumbani nimekuta chapati na maharage. Saadiya na binti yetu Rahaf wamefuturu kuku wa nazi. Nikauliza kama kuna kipande. Akaniambia asingependa kuichosha akili yangu.

Ijumaa, 17 Aprili

Naandika nikiwa na kanga ya Saadiya mabegani, nguo zangu zinakauka.

Mvua imeanza kabla ya alfajiri, haikushusha pumzi. Nilipofika dukani mtaa ulikuwa mto. Fremu yangu ina ngazi ndefu ya saruji mlangoni, nikawa salama. Fremu ya Vitalis haina ngazi, na iko upande wa mtaro. Mtaro ulikuwa umeshajaa takataka na unayarudisha maji barabarani. Vitalis hayupo. Anaishi Magomeni, na redioni wametangaza barabara ya Jangwani imefungwa, maji yamepita juu. Kufuli lake liko mlangoni. Simu yake haipatikani.

Nilisimama kwenye maji nikayaona yanaingia chini ya mlango wake.

Nakiri wazo la kwanza. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Bi Huda ataangalia chini aone ni mpangaji gani aliye na ngazi.

Kisha nikakumbuka utaratibu. Nikaanza kujihoji kwa vidole. Nimekula? Hapana, chapati zilikuwa bado. Nimechoka? Ndiyo. Nina hasira? Tangu biriani. Nina haraka? Maji yalikuwa yananifika kwenye vigimbi. Vyote vinne. Kwa mujibu wa daktari sikuwa na haki ya kuamua hata kiatu gani nivue kwanza. Nikasema nitasubiri nitulie.

Hapo nikachungulia kwenye nondo za mlango wake. Ndani alikuwa ametundika mapazia meupe ya ukumbi wa harusi, kazi ya wiki nzima, marinda yamepigwa pasi moja moja. Yalikuwa marefu. Pindo lilikuwa limegusa maji. Nililiona linaanza kuyanywa, ule mstari wa kahawia unapanda kwenye kitambaa cheupe, taratibu.

Kilichofuata siwezi kukieleza kwa utaratibu. Najua nilikuwa na nyundo ya Allen mkononi na kufuli lilikuwa limeshakatika.

Najua pia kwamba wachukuzi waliokuwa wamejibanza chini ya varanda waliona Mwarabu wa mapazia anavunja duka la mpinzani wake kwenye mvua. Mmoja alipiga kelele ya mwizi. Mwingine alishanikamata ukosi, na wa tatu anatafuta kitu cha kunipigia. Mimi ninayeongea kuliko wote mtaa huu, sikupata neno.

Aliyeniokoa ni Agnesi. Alishuka kwenye ngazi na viatu mkononi akasema, "Mwacheni huyo. Ni bosi wangu. Hana akili ya kuiba."

Wakaniachia papo hapo. Sijalipenda sana neno lile lakini lilifanya kazi.

Kisha wachukuzi wale wale wakapanga mstari. Nikawa napanda juu ya kiti kutungua mapazia, Agnesi anakunja, wao wanapitisha marobota juu ya vichwa hadi fremu yangu. Cherehani ya Vitalis waliibeba watu wanne kama bibi harusi. Tulimaliza maji yakiwa magotini.

Niliporudi kwangu nikamkuta Saadiya. Amekuja kwa miguu kutoka nyumbani, gauni amelifunga kiunoni, ameshainua mali yangu yote juu ya meza na rafu, na ya Vitalis ameipangia juu yake. Nilikuwa nimeyasahau marobota yangu mwenyewe sakafuni. Maji yalikuwa yameanza kuipanda ile ngazi yangu ya saruji. Alinipa chapati moja iliyolowa. Nikaila nimesimama. Sijala chapati tamu kama ile.

Alasiri simu ya Vitalis ikapatikana. Nikamweleza. Akauliza kwa sauti ndogo, "Jirani, na yale meupe?" Nikamwambia pindo tu, Agnesi atalifua, doa litatoka. Nikasikia mkwaruzo kwenye simu. Alikuwa analia, au ni mvua. Nikamwambia anunue kufuli lingine, lile lilikuwa la hovyo, limevunjika kwa pigo moja.

Jumamosi, 18 Aprili

Kona ni yangu.

Naandika tena. Kona ni yangu.

Bi Huda aliniita baada ya saa nne. Nilipopanda nilimkuta Vitalis anashuka. Alinishika mkono kwa mikono miwili, hakuachia mpaka tukawa tunazuia watu ngazini. Nikadhani amekuja kuaga kwa sababu ameipata. Moyo ulishuka hadi sakafu ya chini.

Bi Huda alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Nikamwamkia. Akaniambia nikae.

"Jana nilikuwa hapa dirishani tangu swala ya asubuhi," akasema. "Nilikuona umesimama kwenye maji unahesabu vidole."

Nikaanza kumfafanulia kuhusu daktari. Akainua kiganja.

"Ulipokuwa unahesabu vidole, nilisema moyoni, huyu kona haipati. Mali ya mwenzake inazama, yeye anahesabu. Halafu ukaacha."

"Ndiyo, Bi Huda."

"Vitalis amenijia sasa hivi kuniomba nikupe wewe. Nimemwambia amechelewa, nilishaamua jana lile robota la kwanza lilipotoka mlangoni mwake." Akanitazama. "Yeye atachukua fremu yako, yenye ngazi. Ile ya mtaroni naifunga mpaka manispaa wazibue. Mtapakana ukuta. Mtaweza?"

Nikasema tutaweza. Nilitaka kumbusu mkono, nikambusu.

Nilipokuwa natoka akaniita. "Muaz. Kila ulipokaa ukafikiri wiki hii, niliisikia harufu yake mpaka huku juu. Jana hukufikiri. Shika hiyo ya jana."

Nimetafakari maneno yake njia nzima ya kushuka. Bi Huda ni mtu mzima, elimu ya saikolojia haikuwapo wakati wao, namstahi. Lakini ukweli uko wazi. Mimi nilisimama kwanza. Nikajihoji. Vidole vinne. Mtu asiye na utaratibu angekimbilia mlango moja kwa moja.

Saadiya naye amesema hivyo hivyo alivyosema Bi Huda, kwa maneno machache zaidi. Kisha amepika pilau ya nyama na kutia yai. Rahaf akacheka akaniuliza kama shati la bluu sasa linaweza kufuliwa. Jioni Vitalis kaja na mkewe, wameleta mapera na samli. Samir kaja pia, ameleta picha za pelmeti yake. Tumekula wote kwenye sinia moja. Sebuleni watu wamecheka mpaka jirani wa juu akashuka kuuliza kuna nini, naye akakaa.

Siku njema kuliko zote tangu nifungue duka.

Jumamosi, 2 Mei

Tumehamia. Fremu ya kona inang'aa, mapazia yanaonekana mitaa yote miwili, wateja wanaingia kwa milango miwili, hata sijui nimsalimie nani kwanza. Vitalis upande wa pili wa ukuta. Mteja akikosa rangi kwangu nampeleka kwake, akikosa kwake ananiletea. Tunagongeana ukuta wakati wa chai.

Mtu katika hali hii lazima apanuke. Mwanzoni mwa wiki alikuja Hillary, wakala wa kutoa mizigo bandarini, na habari ya bidhaa ambayo Kariakoo nzima hakuna mwenye nayo. Safari hii nilifuata kila hatua. Nilikula kwanza. Nilipumzika. Sikuwa na hasira na mtu. Sikufanya haraka, nililala juu ya jambo hili siku tatu mfululizo. Sikumshirikisha Saadiya, kwa kuwa yuko Tanga kwa dada yake na maoni mengi yanachosha akili. Kisha nikaamua, nikiwa na utulivu ambao sijawahi kuusikia.

Yamefika leo na lori. Mablanketi ya umeme. Ni blanketi zito lenye waya ndani, unachomeka ukutani, linampasha moto aliyelala.

Agnesi alisoma maandishi kwenye boksi mara mbili. Vitalis kaja, kalishika, kauliza kwa ile sauti yake ya upole nani atalitumia Dar es Salaam. Nimemsikitikia. Mtu mwema, ila hana utaratibu.

Nimelijaribu moja mwenyewe adhuhuri hii, hapa hapa kona, jua likipiga vioo pande zote mbili. Nimejifunika mpaka shingoni nikawasha. Linafanya kazi sawasawa. Jasho limenitoka hadi kwenye nyayo, Agnesi kanimwagia maji ya kunywa.

Bidhaa haina mfano. Nimeshampigia Hillary alete na kontena lililobaki.